Unyayo Chini ya Sakafu

Walimwita Chiriku kwa sababu hakuwa na neno. Jina hilo alipewa na dereva siku ya kwanza ya kazi, baada ya kuulizwa maswali matatu na kujibu kwa kichwa mara tatu. "Huyu chiriku atatutoboa masikio," dereva akasema, na meza nzima ikaangua kicheko. Jina likaganda. Mwenyewe hakulichukia. Hakuwa amewahi kuwa na jina la kazini, kwa kuwa hakuwa amewahi kuwa na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuosha vigae. Juu ya kilima, mwendo wa nusu saa kwa miguu, palikuwa na magofu ya mji uliojengwa na Wagiriki, ukakaliwa baadaye na Warumi, na mwisho ukaachiwa mbuzi. Kila mwaka watu wa chuo kikuu walikuja kuuchimba polepole, kwa miiko ya waashi na brashi za rangi, kama watu wanaoogopa kumwamsha mgonjwa. Dhahabu hawakupata. Walichopata ni sahani zilizovunjika, vikombe vilivyovunjika na mitungi iliyovunjika, ndoo baada ya ndoo, na vyote viliteremshwa hadi nyumba ya kazi ili vioshwe barazani na wanawake sita.

Mkuu wa baraza alikuwa shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake, mwanamke mwenye mikono mipana na mdomo usiojua likizo. Ndiye aliyemleta. "Huyu ni damu yangu," aliwaambia watu wa chuo. "Akivunja kitu, mniulize mimi. Ingawa sijui mtatambuaje, maana hapa kila kitu kimeshavunjika."

Kila ndoo ilipewa trei yake ya mbao, na kila trei ilikuwa na kikaratasi kwenye kifuko cha nailoni: namba ya trei, shimo vilimotoka vigae, tabaka gani la udongo. Unaosha kigae kwa mswaki mkuukuu, unasugua kingo zilizovunjika, unakilaza kwenye trei kikauke. Trei ikiisha, unamwaga maji na kuanza upya. "Trei na kikaratasi chake ni mtu na kivuli," shangazi alisema. "Nikikuta kikaratasi kimetangatanga, na wewe utatangatanga." Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza, na Chiriku aliishika kama sala. Sheria ya pili hakuna aliyemwambia. Waliojua walikuwa wameijua kwa muda mrefu hata wakasahau kwamba ni sheria.

Shule aliiacha darasa la tano, mama yake alipougua na wadogo zake wakahitaji mtu wa kuwapikia. Mama alipona. Darasa la tano halikurudi. Miaka ilivyopita, herufi nazo zilianza kumkimbia, moja moja, kama watoto wanaotoroka msikitini au kanisani wakati wakubwa wamefumba macho. Mtu akimpa karatasi alitabasamu, akaikunja, akaiweka mfukoni. Ukimya wake mwingi ulianzia hapo.

Mtu aliyeuona ukimya huo na asicheke alikuwa Dada Kofia.

Dada Kofia alikuwa mwanafunzi wa chuo, wa ngazi ile ya juu ambayo mtu husoma kitu kimoja mpaka kinaanza kumjia ndotoni. Kofia yake ya majani ilikuwa pana kama ungo. Kitu chake kimoja kilikuwa nyumba moja tu ya kule kilimani: nyumba yenye ua katikati, nguzo kuzunguka ua, na sakafu ya vijiwe vidogo vyeupe na vyeusi. Miaka mitatu alikuwa na nyumba hiyo. Wanawake wa barazani walisema hata mume angeona wivu kidogo.

Siku moja wakati wa chai alimwona Chiriku akigeuzageuza kigae kwenye mwanga.

"Umeona nini?"

Chiriku akashtuka, akataka kukirudisha. Kisha akanyoosha kidole. Upande wa ndani wa kigae palikuwa na alama ya dole gumba, mistari yake yote ikionekana.

Dada Kofia akavua kofia, akainama, akaangalia kwa muda mrefu. "Nimepita hapa mara kumi sikuliona," akasema. "Aliyeliweka dole hili amekufa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Labda aliitwa aende kula, akabonyeza udongo haraka haraka, akaondoka."

Kesho yake alimletea daftari na penseli. "Chora," akamwambia. "Lakini chora unachokiona, si unachokijua. Ukichora unachokijua utachora sahani. Mimi nataka kigae hiki hiki, na ubaya wake wote."

Basi kila siku wakati wa chai Chiriku alichora kigae kimoja kilichompendeza. Na kwa kuwa alitamani herufi zimrudie, kila ukurasa alianza kwa kunakili kikaratasi cha trei, namba na maneno, bila kuruka hata nukta. Alinakili ulimi ukiwa nje. Daftari hilo hakumwonyesha mtu. Dada Kofia alipoliulizia, lilikuwa nyumbani. Lilikuwa nyumbani kila mara, ingawa lilikuwa kifuani, ndani ya kanga.

Jumamosi moja Dada Kofia alimpandisha kilimani. Alimwonyesha nguzo na jinsi ya kuzitofautisha kwa vichwa vyake. "Hii ni ya Kidoria. Kichwa wazi, haina mapambo, kama mwanamume aliyeamka akaenda kazini. Hii ni ya Kiionia, imesokota nywele pande mbili. Na ile ya majani ni ya Kikorintho, imejipamba kama inakwenda kuolewa."

"Warumi waliipenda ipi?" Chiriku akauliza. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu aanze kazi, na lilimtoka kabla hajalizuia.

"Bibi harusi! Walimpenda mpaka wakapitiliza." Dada Kofia alicheka, kisha akaketi ukingoni mwa sakafu ya vijiwe. "Nyumba hii watu wote wanasema ni ya Warumi. Mimi nasema waliijenga Wagiriki, na Warumi waliikuta. Unajua nitathibitishaje?"

Chiriku akatikisa kichwa.

"Ukiinua mkeka ukakuta sindano chini yake, sindano iliingia lini? Kabla ya mkeka kutandikwa. Sakafu ni hivyo hivyo. Tumeifungua pembeni, mahali palipoharibika. Vigae vilivyo chini yake vikiwa vya Kigiriki vyote, nimeshinda. Kikipatikana kimoja tu cha Kirumi," akapuliza kiganja chake kama anayepeperusha unga, "nyumba yangu imekwenda."

Chiriku aliteremka siku hiyo akiwa na kitu ambacho hakuwa nacho asubuhi. Kulikuwa na mtu aliyeketi chini na kumweleza jambo kubwa, bila kupunguza sauti wala kurahisisha maneno, kama mtu anayezungumza na mtu. Alitaka kushukuru. Neno lilifika kooni, likakaa hapo hapo.

Wiki iliyofuata Dada Kofia akashikwa na homa. Shangazi alimpeleka zahanati, na barazani wakabaki watano. Mchana wengine walikwenda kula. Chiriku akabaki peke yake na trei mbili alizoziosha mwenyewe, zilizokauka vizuri juani: ya thelathini na moja, vigae vya juu ya sakafu ya nyumba ile, na ya thelathini na mbili, vya chini ya sakafu.

Alikumbuka alichofundishwa. Ukipata vigae viwili vinavyokubaliana kingo, umepata ndoa: vilikuwa chombo kimoja. Ndani, kwenye meza kubwa, alikuwa amemwona Dada Kofia akioanisha vigae kwa siku nzima na kuinua mikono juu kila kimoja kilipompata mwenzake. Vigae vile vya ndani vilikuwa na namba ndogo za wino, lakini Chiriku alidhani namba huandikwa mwisho, kila kigae kikishapata ukoo wake, kama vile mtoto anavyopewa jina akishazaliwa.

Dada wa watu anaumwa, akawaza. Akirudi atakuta kazi imepungua.

Akaozesha. Alichukua kigae huku akakijaribu na cha kule, rangi kwa rangi, ukingo kwa ukingo. Vingine vilikubaliana kwa shingo upande, lakini naye alikuwa anavitakia mema. Hadi wenzake waliporudi alikuwa ameshafungisha ndoa tisa na kulaza kila bibi harusi karibu na bwana wake, baadhi kwenye trei hii na baadhi kwenye ile. Vikaratasi hakuvigusa. Vilibaki kila kimoja mahali pake, sawasawa na sheria.

Siku tatu baadaye Dada Kofia alirudi, amekonda, kofia ikimzidi. Aliandika namba. Kwanza anapaka kigae tone la rangi ya kucha isiyo na rangi, anaandika kwa wino mwembamba, anapaka tone jingine juu. "Vigae vinapakwa kucha," shangazi alinung'unika, "na mimi hapa kucha zangu zimeliwa na sabuni." Chiriku alisubiri kwa furaha ya siri Dada Kofia agundue zile ndoa. Hakusema kitu. Alidhani zawadi huwa tamu zaidi ikigunduliwa.

Jumanne wakati wa chai Dada Kofia alitoka na kigae kimoja kiganjani. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Kimetoka thelathini na mbili," akasema, si kwa mtu yeyote hasa.

Kilikuwa kitako cha sahani nyekundu, laini kama ganda la yai. Katikati yake paligongwa muhuri wenye umbo la unyayo wa mtu, mdogo kama ukucha, na ndani ya unyayo herufi nne.

"Si kizuri hicho?" shangazi akauliza.

"Kizuri sana. Ni cha Warumi, shangazi. Mafundi wao waligonga jina lao ndani ya unyayo. Wagiriki wa wakati ninaousema mimi walikuwa wamelala makaburini zamani." Akakaa. "Mrumi amekanyaga chini ya sakafu yangu. Profesa wangu anakuja Alhamisi. Nitamwambia nilikosea, nianze upya."

Mswaki ulimponyoka Chiriku ukaanguka ndani ya beseni.

Unyayo ule aliujua. Aliujua kuliko alivyoujua wake. Aliuosha mwenyewe, akauchora mwenyewe, na siku ya ndoa aliuchukua kwa vidole vyake kutoka trei ya thelathini na moja, akaulaza kwenye thelathini na mbili karibu na kipande chekundu alichodhani ni mwenzake. Sasa alielewa yote kwa mpigo: kwa nini trei, kwa nini kikaratasi, kwa nini wino. Kigae kikishatoka kwenye trei yake kabla ya namba, hakina tena njia ya kusema kilitoka wapi. Alikuwa amekinyang'anya mdomo.

Jumanne jioni alikwenda mpaka mlango wa stoo. Dada Kofia alikuwa ndani, anakata maandishi yake kwa mistari mirefu, ukurasa baada ya ukurasa.

"Ndiyo, Chiriku?"

"Sabuni," Chiriku akasema. "Imeisha."

Akapewa sabuni. Jumatano asubuhi alirudi, akapewa sabuni nyingine. Jumatano mchana alirudi tena, na Dada Kofia, bila kuinua kichwa, akasema, "Mnafua au mnaosha vigae?" lakini akampa. Barazani sabuni zikapangwa kama matofali.

"Tunafungua duka?" shangazi akauliza.

Chiriku akaanza kulia.

Shangazi alimvuta nyuma ya nyumba, penye tangi la maji, akamsubiri. Yalimtoka yote, kwa vipande, kama ndoo iliyomwagwa. Alipomaliza, shangazi aliliegemea tangi.

"Umeozesha watu bila kuuliza koo zao," hatimaye akasema.

"Wataniondoa, shangazi. Na wewe watakuondoa. Ulisema nikivunja wakuulize wewe."

"Nilisema." Shangazi aliangalia mikono yake. "Ukinyamaza hakuna atakayejua. Hilo nalijua mimi na wewe. Na yule mwenye kofia atafuta miaka mitatu kwa uongo ambao hakuna aliyeusema." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Mimi kesho nitasimama nyuma yako. Karibu kabisa, utasikia pumzi yangu. Lakini mdomo ni wako."

Alhamisi Profesa akaja. Alikuwa mzee mfupi, mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, na sauti ya chini ambayo iliwalazimu watu kusogea. Walikaa kwenye meza kubwa ndani. Dada Kofia aliweka kitako chekundu mbele yake na kuanza, "Profesa, sakafu yangu..." 

Mlango ukafunguliwa. Chiriku akaingia, na shangazi nyuma yake kama ukuta.

"Sabuni tena?" Dada Kofia akasema kwa uchovu.

Chiriku alitia mkono kifuani, akatoa daftari, akaliweka mezani. Lilikuwa na joto la mwili wake. Akalifungua ukurasa wenyewe na kuligeuza liwaelekee. Juu, kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la tano, mkubwa, uliopinda: 31. JUU YA SAKAFU. Tarehe. Chini yake, kitako cha sahani, kila ufa mahali pake, na katikati unyayo mdogo wenye herufi nne, moja ikiwa imefutika nusu. Ubaya wake wote.

"Kilikuwa juu," akasema. Sauti ilikwama, akaisukuma. "Hakikuwa chini. Nilikihamisha mimi, siku ya homa. Nilivioanisha kabla ya namba. Vyote ni tisa. Nilitaka ukirudi ukute... nilitaka kushukuru."

Dada Kofia aliangalia daftari, akaangalia kitako, akaangalia daftari tena. Kisha uso wake, uliokuwa umepauka kwa siku tatu, ukajaa damu.

"Tangu Jumanne," akasema. "Umekuja mlangoni kwangu mara tatu, nimekupa sabuni tatu, na wewe unajua! Nimekata kurasa arobaini. Arobaini, Chiriku!" Akainuka, akachukua kofia, akatoka nje, mlango ukagonga.

Chiriku alibaki amesimama. Alisikia pumzi ya shangazi kisogoni. Ilikuwa kweli karibu kabisa.

Profesa alishusha miwani ya kichwani, akaiweka juu ya ile nyingine, akachukua kitako. Alikigeuza kingo zake zote. "Hebu niambie, binti," akasema kama anayeuliza njia. "Vigae vya chini ya sakafu, ulipoviosha, vilikuwaje?"

"Vigumu."

"Vigumu vipi?"

"Vina chokaa. Kama uji uliokauka kwenye sufuria. Mswaki hauitoi. Inabaki kwenye kingo, kidogo kidogo." Akafungua ukurasa mwingine, wenye kigae cheusi cha Kigiriki. Kwenye kingo zake alikuwa ameweka nukta nukta. "Hizi ndizo."

"Bila shaka. Chokaa ya sakafu ilimwagwa juu yake." Profesa akamsogezea kitako. "Na hiki?"

Chiriku hakuhitaji kuangalia. "Hakina. Kilitakata kwa maji tu."

Mlango ulikuwa umefunguliwa tena. Dada Kofia alikuwa amesimama pale, kofia mkononi, macho mekundu. Alikuja polepole, akachukua kitako, akakiangalia kingo kwenye mwanga wa dirisha.

"Hakina hata chembe," akasema. "Kimekuwa mikononi mwangu tangu Jumanne. Niliuona muhuri tu. Nilijua ni nini, basi sikuangalia tena." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na nguvu. "Na mimi ndiye mwalimu wa kuchora unachokiona."

"Nani alimweleza kwamba namba hutangulia?" Profesa akauliza.

Shangazi ndiye aliyejibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi nilimfundisha vikaratasi. La namba nilidhani analijua. Kila mtu analijua."

"Mimi nilimfundisha kuoanisha kabla ya kumfundisha namba," Dada Kofia akasema. "Nilianza na tamu." Akamgeukia Chiriku. Hasira ilikuwa bado haijaisha, ilionekana shingoni, lakini alivuta kiti cha pembeni yake. "Kaa. Tuvunje ndoa zako."

Kazi iliwachukua mchana wote. Chiriku alitaja, kimoja kimoja, alivyokumbuka: hiki kilikuwa huku, pembeni, karibu na chenye mkono uliovunjika. Dada Kofia hakumwamini kwa kumbukumbu tu. Kila kigae kilipita kwanza daftarini, kisha kwenye kioo cha kukuzia cha Profesa, kutafutwa chokaa. Shangazi, ambaye hakuitwa wala hakufukuzwa, alitoa talaka kwa sauti: "Wewe rudi kwenu! Wewe na huyu hamkupendana, rangi tu iliwadanganya!" Hadi jua lilipofika dirisha la magharibi, saba walikuwa wamerudi kwao. Wawili walikataa. Hawakuwa daftarini, na chokaa yao ilikuwa ya kubahatisha, labda ipo, labda ni vumbi. Chiriku alisema, "Nadhani huku," akasita, kisha akasema, "Sijui."

"Hilo ndilo jibu," Profesa akasema, akaviweka kwenye kisanduku kidogo. Juu yake akaandika: Havijulikani.

Chiriku alikiangalia kisanduku hicho kwa uchungu. Viwili vile alikuwa amevipotezea nyumba, na hakuna msamaha ambao ungevirudishia.

Kesho yake asubuhi alikuja mapema kuchukua vitu vyake kabla wenzake hawajafika, maana alidhani yaliyotokea jana yalikuwa heshima tu mbele ya mgeni. Kwenye nafasi yake barazani alikuta hakuna beseni. Palikuwa na kiti, meza ndogo, chupa ya wino, kalamu nyembamba kama sindano, na chupa mbili za rangi ya kucha. Trei ya thelathini na tatu ilikuwa imesogezwa karibu.

Dada Kofia alikuwa amekaa ngazini na kikombe chake. "Kuanzia leo," akasema, "hakuna kigae kinachovuka kizingiti hiki bila kupita kwenye kalamu yako. Mwandiko wako ni mkubwa mno, utaupunguza. Ukikosea, unaniambia hapo hapo. Siku hiyo hiyo. Si kwa sabuni."

"Ndiyo, dada."

"Na daftari nalitaka kila Ijumaa."

"Ndiyo." Kisha neno lile lililokaa kooni tangu siku ya kilimani likasogea, likatoka lenyewe, bila kusukumwa. "Asante, dada."

"Anza basi," Dada Kofia akasema, na kuificha pua yake ndani ya kikombe.

Kitabu kilikuja msimu uliofuata, kizito, chenye jalada la kijani, chuo kikiwa kimeshakipokea na kukikubali. Nyumba ya nguzo ilikuwa ya Wagiriki. Hakuna aliyebisha tena, au walibisha kidogo tu, kwa mazoea. Dada Kofia alikiweka katikati ya meza barazani, kati ya mabeseni, na wanawake wote sita wakakausha mikono.

"Tusomewe," shangazi akaamuru. "Chiriku, wewe ndiye mwenye wino. Nataka panaponihusu."

Chiriku alitafuta. Palikuwa na kurasa za nguzo, za vijiwe vyeupe na vyeusi, za vigae. Michoro saba ilikuwa yake, na chini ya kila mmoja majina yake kamili, yote matatu, kama yalivyokuwa kwenye daftari la shule. Aliyagusa kwa kidole, akasonga mbele haraka, kwa haya. Shangazi alikuwa ameshukuriwa kwa kuongoza baraza.

"Basi? Mizaha yangu haimo?"

"Haimo, shangazi."

"Hawa wasomi hawajui historia."

Kisha Chiriku akafika ukurasa wa trei mbili zile, na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama zile za kwenye vigae, akaona maelezo. Aliyasoma kwa sauti, polepole, bila kuruka hata nukta.

"Vigae tisa vya trei hizi vilihamishwa kabla ya kuandikwa namba. Aliyevihamisha ni mmoja wetu, ambaye hatukuwa tumemweleza. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia. Saba vilirudishwa mahali pake kwa michoro yake na kwa chokaa. Viwili havijulikani vilikotoka, na havikutumika kuthibitisha jambo lolote."

Maji yalisikika yakidondoka kutoka kwenye mswaki wa mtu.

"Soma tena hapo," shangazi akasema. "Aliyevihamisha ni nani?"

"Ni mmoja wetu," Chiriku akasoma. Akarudi nyuma, akayafuata maneno yale mawili kwa kidole, kwa kuwa yalikuwa yameanza kucheza machoni. "Mmoja wetu."

Dada Kofia aliishusha kofia yake machoni na kujifanya anaangalia mlango wa barabarani.

"Mmeisikia sauti hiyo?" shangazi akawauliza wenzake, akipiga meza mpaka maji yakaruka. "Mwiteni yule dereva. Mwambieni aje, chiriku wake leo amelia."